Maswali ya Wasomaji: Jua Linalomuunguza Mgeni Bila Yeye Kulihisi

Barua nne kati ya zilizotufikia, kutoka Nungwi, Diani, Tanga na Moshi, zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: kwa nini watu wanaotoka nchi za baridi huunguzwa na jua la kwetu hata pale wanapodhani wamejihadhari, na sisi tunaowapokea tufanye nini. Kwa kuwa msimu wa Disemba umekaribia, nimeona nizijibu zote kwa pamoja badala ya kuzigawa katika matoleo manne, maana jibu la Machi halitamsaidia mgeni atakayeungua wakati wa Krismasi.

*Assalaam alaykum. Mimi ni nahodha wa boti inayopeleka wageni kisiwa cha Mnemba kwenda snokeli, yaani kuelea kifudifudi na miwani wakitazama samaki. Kila wiki narudi na mtu mmoja au wawili ambao migongo yao imekuwa myekundu, na wengi wao walijipaka mafuta ya kukinga jua asubuhi mbele ya macho yangu. Walioungua vibaya zaidi mwaka huu ni wa Julai, wakati wa kusi, siku ambazo mimi mwenyewe nilivaa koti. Nikiwaambia wajifunike, hucheka na kusema hakuna joto. Je, jua la Julai linaunguza kuliko la Februari? Na nimwambieje mgeni bila kumuudhi?*
Nahodha, Nungwi

Waalaykum salaam, Nahodha. Jua la Julai si kali kuliko la Februari, ila mgeni hulikalia muda mrefu zaidi kwa sababu halimsumbui. Kinachounguza ngozi ni miale ya urujuanimno, ambayo macho hayaioni na mwili hauisikii. Joto tunalolihisi tukisimama juani huletwa na miale mingine kabisa. Upepo wa kusi hulipunguza joto hilo, ukamfanya mtu ajione amestarehe, lakini miale inayounguza hupita katikati ya upepo kama vile haupo. Hata mawingu mepesi huiachia sehemu kubwa ipenye, na ndiyo maana utasikia mgeni akiapa kwamba siku aliyoungua hakukuwa na jua.

Kisha ngozi yenyewe huchelewa kutoa habari. Wekundu huanza kuonekana baada ya muda wa saa 3 hadi 5, na hufikia kilele chake kati ya saa 12 na 24 tangu mtu alipokaa juani. Ule mgongo unaouona mwekundu mnapotia nanga mchana umeanza kuungua asubuhi, na ubaya wake wenyewe watauona wahudumu wa hoteli usiku, wakati wewe umeshalala.

Nataka nikupe hesabu moja ya kuwaeleza wageni wako, kwa sababu watu wazima hushawishika zaidi wakielezwa sababu kuliko wakiamriwa. Mwezi wa Disemba, jua la adhuhuri mjini London huinuka nyuzi 15 tu juu ya upeo wa macho, karibu na mapaa ya nyumba. Siku hiyo hiyo, Unguja huinuka nyuzi 73. Mwishoni mwa Juni, London hupata jua lake la juu kabisa kwa mwaka mzima, nalo hufika nyuzi 62. Sisi wakati huo tuna jua letu la chini kabisa, nalo liko nyuzi 60. Kwa maneno mengine, siku ambayo kwetu jua limelegea kuliko siku zote inalingana na siku ambayo kwao limepamba moto kuliko siku zote. Tena tabaka la ozoni, linalochuja miale hii angani, ni jembamba zaidi katika nchi za tropiki kuliko huko kaskazini. Shirika la Afya Duniani lina kipimo cha nguvu ya miale hiyo, ambacho hushauri watu wajikinge kuanzia 3 na huita 11 na kuendelea kuwa ni ukali uliopindukia. Uingereza ni nadra kufika 8. Mwambao wetu, katika miezi ya kaskazi, mara nyingi huipita 11 wakati wa adhuhuri.

Sasa wewe, Nahodha, una kipimo ambacho mgeni wako hana, nawe umekitumia tangu utoto. Katika madhehebu ya Shafii yanayofuatwa mwambao wetu, alasiri huingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, ukiongeza kile kivuli kilichokuwapo jua lilipofika juu kabisa adhuhuri. Madaktari wa ngozi nao hufundisha kanuni inayokaribiana sana na hiyo: kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, jua hilo ni la kuunguza. Mwanzoni mwa Machi na tena katika wiki ya pili ya Oktoba, jua linapopita utosini barabara hapo Unguja, hali hiyo huanza tangu saa tatu na ushei asubuhi hadi saa tisa na ushei. Linganisha na ratiba ya boti nyingi, zinazong'oa nanga saa tatu na kurudi saa tisa, utaona kwamba safari nzima imewekwa ndani ya muda ule ule wa hatari. Najua kwamba hakuna nahodha anayeyaamuru maji kujaa na kupwa, lakini siku ambayo maji yanaruhusu, kuondoka saa moja asubuhi kutaokoa migongo mingi.

Snokeli ina hatari yake ya pekee. Mtu hulala kifudifudi juu ya maji, mgongo na nyuma ya mapaja na miguu vikitazama mbinguni, huku maji yakimpoza asihisi lolote. Asidhani maji yanamkinga: hata akiwa chini kwa nusu mita, nguvu ya miale bado ni takriban asilimia 40 ya ile ya juu ya maji. Mkipumzika kwenye fungu la mchanga hali si nafuu, kwa sababu mchanga mkavu wa pwani hurudisha takriban asilimia 15 ya miale na povu la bahari takriban asilimia 25, kwa hiyo turubai la boti humfunika mtu kwa juu tu, naye akaendelea kupata miale ya pembeni.

Kuhusu wale waliojipaka mbele ya macho yako wakaungua, sababu kubwa ni kwamba walijipaka kidogo mno. Mtu mzima anahitaji takriban mililita 35 kwa mwili mzima, yaani vijiko saba vya chai: kimoja kwa kila mkono, kimoja kwa kila mguu, kimoja kifuani na tumboni, kimoja mgongoni na kimoja usoni na shingoni. Apake robo saa hadi nusu saa kabla ya kutoka, arudie kila baada ya saa 2, na arudie pia kila anapotoka majini na kujifuta. Kwa kipimo hicho, chupa ya mililita 200 haitoshi hata mara sita. Mume na mke wanaokwambia kwamba chupa moja imewatosha likizo nzima, amini kwamba hawakujikinga. Wapo pia wanaosema walikwisha kujianika nyumbani mpaka wakapata rangi, hivyo ngozi imezoea. Rangi hiyo ina kinga ndogo sana, haifikii hata ya mafuta dhaifu ya dukani.

Kwa safari kama yako, mimi nayatanguliza mavazi mbele ya mafuta, bila kusita. Watazame akina mama wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, ambao wamekuwa wakiifanya kazi ile tangu mwaka 1989: hushinda majini wakiwa wamejifunika tangu kichwani hadi kwenye vifundo vya miguu, na hakuna mtaalamu aliyehitaji kuwafundisha. Ukiweza, nunua fulana kumi za kuogelea za mikono mirefu, za rangi iliyokoza na zilizofumwa kwa kushikana, uwaazime wageni pamoja na miwani na mapezi. Fulana nyeupe nyepesi ya pamba haifai sana, kwa sababu ikilowa hupoteza sehemu kubwa ya kinga yake ndogo. Fulana ina faida nyingine ambayo wewe unayeishi kwa matumbawe utaithamini: mafuta yanayooshwa kutoka ngozini hubaki baharini, na kwa kuhofia kemikali mbili zilizomo katika baadhi yake, oksibenzoni na oktinoksati, jimbo la Hawaii lilipiga marufuku uuzaji wake tangu mwaka 2021.

Kuna mambo mawili ambayo wageni wengi hawayajui. Doksisaiklini, dawa ambayo baadhi yao humeza kila siku kujikinga na malaria, huifanya ngozi iungue upesi kuliko kawaida. Na maji ya ndimu, yale yanayobaki mikononi na midomoni baada ya kukamulia samaki wa kuchoma, yakipigwa na jua kali huweza kutoa malengelenge na mabaka meusi yanayodumu kwa wiki nyingi. Waambie wanawe mikono na midomo kabla ya kurudi juani.

Umeuliza utamwambiaje mgeni bila kumuudhi. Wahenga walisema mgeni ni kipofu ingawa ana macho, na kipofu haudhiki ukimshika mkono, ila huudhika ukimcheka. Usimseme mmoja mmoja baada ya kuona ngozi yake. Sema na wote kwa pamoja kabla ya kuwasha mashine, katika pumzi ile ile unayotumia kueleza habari za maboya ya kuvaa: kwamba jua la hapa halisikiki upepo ukivuma, kwamba liko juu kuliko la kwao, kwamba fulana zipo na hazilipiwi. Ukilisema kama kanuni ya chombo, hakuna atakayeona kwamba umemlenga yeye.

*Mimi ni mhudumu wa vyumba katika hoteli moja hapa Diani. Mgeni wetu alilala ufukweni karibu siku nzima, na kesho yake mgongo ulikuwa na malengelenge na alikuwa akitetemeka. Mwenzangu mmoja alimpaka dawa ya meno, mwingine akaleta mafuta ya nazi. Mgeni alizidi kulia kwa maumivu. Tungefanya nini?*
Mhudumu, Diani

Dada Mhudumu, wenzako walikusudia wema, na nakuomba uwafikishie jibu hili bila kuwalaumu. Dawa ya meno huichoma zaidi ngozi iliyokwisha kuungua. Mafuta ya nazi, pamoja na sifa zake nyingi, yakipakwa kwenye ngozi iliyotoka kuungua huzuia joto lisitoke, na hali ni hiyo hiyo kwa mafuta mengine mazito ya mgando. Mtindi, ambao nimewahi kuona ukitumika, hauna nafasi yoyote juu ya lengelenge lililopasuka.

Jambo la kwanza ni kumtoa mgeni juani na kumpoza kwa maji ya bomba yaliyopoa, aoge taratibu au awekewe kitambaa laini kilicholoweshwa, kwa dakika 10 hadi 15, na kurudia mara kadhaa kwa siku. Barafu isiguse ngozi. Kabla hajakauka kabisa, apakwe losheni nyepesi isiyo na manukato, au utomvu wa mshubiri kama ngozi yake inaupatana nao. Avae nguo pana ya pamba. Leso moja safi ya kwenu, iliyochakaa kwa kufuliwa, ni bora kuliko shati lolote alilokuja nalo. Anywe maji mengi, na dafu pia ni zuri. Malengelenge yasitumbuliwe, kwa kuwa ile ngozi iliyoinuka ndiyo bandeji yake. Baada ya siku chache ngozi itaanza kuambuka, na mpya iliyo chini yake huungua kwa urahisi mno, hivyo akae kivulini muda wote uliobaki wa likizo yake, hata kama linamuuma kulisikia hilo.

Kutetemeka kwake ndiko kulikonitia wasiwasi nilipoisoma barua yako. Kuungua sehemu kubwa ya mwili kwaweza kuleta homa na baridi, lakini mgeni aliye pwani yetu mwenye homa lazima apimwe malaria, hata kama sababu nyingine inaonekana wazi mgongoni mwake. Kwa kuwa pwani yetu ina homa ya dengi pia, ni salama zaidi kutuliza maumivu kwa parasetamoli na kuziacha aspirini na ibuprofeni mpaka daktari amjue anaumwa nini. Malengelenge yakienea eneo kubwa, au mgeni akitapika, akiona kizunguzungu, akiumwa na macho, au vidonda vikianza kutoa usaha, mwiteni daktari siku hiyo hiyo. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka huku mwili ukiwaka moto, hilo ni tatizo la joto kuuzidi mwili, nalo huua: mmwagieni maji, mpepeeni, na apelekwe hospitali bila kungoja idhini ya meneja.

*Mwanangu, mwanangu wa kiume anakuja Disemba na mkewe Msweden na watoto watatu. Wa kwanza ana miaka tisa, wa pili sita, na kitinda mimba miezi mitano. Jirani zangu wanasema watoto wana damu ya kwetu hivyo jua haliwafanyi kitu, wapakwe mafuta ya nazi inatosha. Mkwe wangu ameniandikia kwamba anaogopa jua. Nani yuko sahihi?*
Bibi, Tanga

Shikamoo, Bibi. Mkweo yuko sahihi, na ukimwandikia kwamba unakubaliana naye utamwondolea hofu nyingi kabla hajapanda ndege. Ngozi yenye weusi kama yetu ina kinga ya asili, lakini kinga hiyo hufuata rangi ya ngozi ya mtoto mwenyewe, haifuati ukoo wake. Wajukuu wako watakuwa wametoka kwenye majira ambayo jua la Sweden halionekani ila saa chache, ngozi zao zikiwa zimefunikwa kwa miezi. Mafuta ya nazi hulainisha ngozi lakini hayazuii miale. Tena kuungua hadi kutoka malengelenge utotoni huongeza uwezekano wa saratani ya ngozi ukubwani, kwa hiyo hili si jambo la siku mbili za kulia tu.

Yule wa miezi mitano asipakwe mafuta ya kukinga jua, kwa kuwa ngozi ya mtoto aliye chini ya miezi sita ni nyororo mno. Kinga yake iwe ni kivuli, nguo nyepesi ndefu, kofia na kunyonya mara kwa mara. Hao wakubwa wapakwe mafuta yenye SPF, yaani kiwango cha kinga kinachoandikwa kwenye chupa, ya 30 au zaidi, wavae fulana wanapoogelea, na siku zao zipangwe kama ulivyowalea watoto wako: kucheza nje asubuhi mpaka saa tatu, kisha ndani, chakula na usingizi, na kutoka tena baada ya alasiri. Jioni, mafuta ya mbu yapakwe juu ya mafuta ya jua, yasitangulie.

Angalia pia ni kivuli gani. Chini ya mwembe au paa la makuti yaliyoshonwa vizuri mtoto amefunikwa kweli. Mvinje na mnazi hupitisha jua kama chekeche, na watoto waliokaa chini yake mchana kutwa huungua huku wazazi wakiamini walikuwa kivulini. Kama mwanao ana mpango wa kuwapeleka kisiwa cha Maziwe kule mbele ya Pangani, mkumbushe kwamba miti ya kisiwa kile iliisha miongo iliyopita na sasa ni fungu tupu la mchanga, hivyo wachukue mwavuli mkubwa au wawaache watoto nyumbani kwako.

Na Bibi, usihangaike kutafuta Kilisun, yale mafuta yanayotengenezwa hospitali ya KCMC Moshi. Hayo yametengenezwa kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, ambao jua hili ni suala la uhai wao kila siku ya mwaka. Mkweo atanunua ya kwao na kuja nayo.

*Mimi huongoza wageni Mlima Kilimanjaro. Nashangaa wanavyoungua pua na midomo mahali ambapo maji yanaganda chupani. Tatizo ni nini?*
Mwongozaji, Moshi

Ndugu Mwongozaji, nimekwisha kumweleza Nahodha kwamba baridi haizuii miale, na kwako jambo hili lina uzito zaidi, kwa kuwa nguvu ya miale huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mnapopanda mita 1,000. Mkiwa kilele cha Uhuru, mita 5,895, mgeni anapata miale karibu mara moja na nusu ya ile aliyokuwa akipata hapo mjini, na theluji safi huweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale kutoka chini. Ndiyo maana huungua tundu za pua kwa ndani, chini ya kidevu na nyuma ya masikio, mahali ambapo hakuna aliyefikiria kupaka.

Nadhani kosa lenyewe liko kwenye usiku wa kilele. Mnaondoka kambi ya Barafu karibu saa sita usiku, gizani, na mafuta na miwani hubaki hemani kwa sababu hakuna anayewaza jua saa hiyo. Kisha linawachomozea mkiwa juu kabisa, na mteremko wote wa asubuhi hufanyika mbele yake. Ongeza vitu viwili kwenye ukaguzi wako wa usiku ule: mafuta ya uso na ya midomo yawe mfuko wa ndani wa koti, ambako hayatagandishwa na baridi, na miwani ya giza iwe shingoni. Wakague wapagazi wako pia. Ngozi yao yaweza kustahimili, lakini macho ya mtu mweusi huunguzwa na theluji sawasawa na ya Mzungu, na maumivu huja saa 6 hadi 12 baadaye, wakati mmeshafika kambi ya Mweka: macho hutoa machozi na kuhisi kama yamejaa mchanga. Yakimpata mtu, atoe lenzi kama anazivaa, asiyasugue, akae gizani na kitambaa cha maji baridi juu ya kope. Wengi hupona ndani ya siku moja hadi tatu. Asiyepata nafuu baada ya hapo apelekwe kwa daktari wa macho.